Kostiki na Sufuria ya Alumini Havipatani

Mwezi huu hatutazungumzia malaria wala kuhara, ingawa mvua zikianza bondeni magonjwa hayo hayakai mbali. Tunataka kuzungumza juu ya vyombo: sufuria, ndoo, mapipa na madebe tunayochanganyia vitu nyumbani. Wengi wetu tunadhani chombo kazi yake ni kubeba tu. Tukitia kitu ndani, tunajali kile kitu, wala hatukijali chombo. Kwa uji na maharage hakuna neno. Kwa dawa kali mambo ni mengine, kwa sababu chombo cha madini nacho huingia katika mchanganyiko.

Jumamosi moja, saa nane hivi mchana, akina mama wawili waliletwa kwetu hospitalini, kila mmoja na bodaboda yake. Walikuwa wa kikundi cha kutengeneza sabuni, upande wa barabara iendayo Kidatu. Mmoja alikuwa na malengelenge mikononi na shingoni. Wa pili alikuwa amefunikwa kanga kichwa chote. Tulipoifunua tuliona kope zimevimba, na jicho la kulia limeingia ukungu mweupe kama jicho la samaki aliyepikwa.

Tulianza kuliosha lile jicho hata kabla ya kuandika jina lake. Huku maji yakiendelea kumiminwa, mmoja wetu alimwuliza mwenyekiti wa kikundi aliyewasindikiza:

"Mama, kule nyumbani mlimmwagia maji?"

"Hapana, sista. Tuliogopa maji yatazidisha moto. Tulimpaka mafuta ya nazi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu saa sita na nusu."

Saa moja na nusu ilikuwa imepita. Kisima kilikuwa hatua chache kutoka pale walipokuwa wakifanya kazi.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Kikundi kile kilifundishwa vizuri kutengeneza sabuni ya mche, na siku zote walichanganya kostiki katika ndoo ngumu ya plastiki. Wiki hiyo ndoo ilikuwa imepasuka. Mteja alikuwa anasubiri sabuni, mafuta yalikuwa yamekwisha nunuliwa, na pale uani palikuwa na sufuria kubwa mpya, zile tunazopikia pilau siku za harusi. Wakatia maji, wakatia kostiki. Baada ya muda mfupi sufuria ikaanza kuchemka wakati hapakuwa na moto chini yake. Povu jeusi likapanda, moshi ukatoka wa kukaba koo. Mama mmoja akaona mali inaharibika, akainama kuisogeza. Povu likafurika na kumrukia usoni.

Yule mwenye malengelenge alipona kwa wiki chache. Yule wa jicho alipelekwa hadi Dar es Salaam kwa wataalamu wa macho, lakini jicho lile halikurudi. Anaona kwa moja. Anapokuja kliniki hutuambia kwamba kazi inayomshinda sasa ni kuchagua mchele jioni, mwanga unapopungua. Mwenyekiti naye alituletea ile sufuria tuione. Ilikuwa imeachwa vilevile hadi kesho yake, na kitako kilikuwa kimetoboka matundu kama chekecheke.

Kwa nini ilichemka bila moto

Kostiki, au soda kali, ni ile chumvi nyeupe ya vipande au chembechembe inayouzwa kwa watengeneza sabuni. Ikikutana na maji hutoa joto kali yenyewe. Katika kipimo cha kutengenezea sabuni, maji ya baridi yanaweza kufika nyuzi joto 80 na zaidi katika dakika chache tu. Hilo hutokea katika chombo chochote, na kila mtengeneza sabuni analijua.

Alumini huongeza balaa la pili. Sufuria ya alumini inaonekana imara kwa sababu juu yake ina ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, ambayo hujifanya yenyewe pale alumini inapokutana na hewa. Ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ukiikwangua kwa steelwire inarudi mara moja. Kostiki huiyeyusha ngozi ile, na ikishaondoka, maji na kostiki huanza kuila alumini yenyewe. Kazi hiyo hutoa joto jingine, na joto huongeza kasi ya kula, na kasi huongeza joto. Ndiyo maana mambo huanza polepole kana kwamba hakuna kitu, kisha ghafla yanakushinda.

Mapovu yale ni gesi iitwayo haidrojeni. Haina harufu wala rangi, ni nyepesi kuliko hewa, na inashika moto kwa cheche ndogo. Ndiyo gesi iliyokuwa imejaza chombo cha angani cha Wajerumani, Hindenburg, kilichoungua Marekani mwaka 1937 na kuua watu 36. Ile harufu ya kukaba koo si ya gesi yenyewe. Ni matone madogo mno ya maji ya kostiki yanayopeperushwa na mapovu, nayo huunguza koo na mapafu. Sasa fikiria kazi hii inafanyika jikoni, mafuta ya sabuni yanapashwa moto kwenye mafiga palepale. Akina mama wale, pamoja na yote yaliyowapata, walikuwa uani, na mafiga yalikuwa mbali. Tunashukuru kwa hilo.

Kuna jambo la hatari zaidi, nalo ni kufunika. Mtu akiona chombo kinafoka, mkono wake wa kwanza hutafuta kifuniko. Gesi iliyofungiwa hutafuta njia, na hulipua chombo pamoja na kilichomo. Msifunike, msiinamie, msijaribu kuokoa mali. Ondokeni, waondoeni watoto, zimeni moto wowote ulio karibu ikiwa mnaweza kufanya hivyo bila kukisogelea chombo, mkiache chombo kimalize hasira zake mahali penye hewa.

Mtu anaweza kutuuliza: mbona bibi zetu wanatia magadi kwenye mboga, tena katika sufuria hizihizi? Ni kweli, na wengi mmeona sufuria ikiwa nyeusi ndani baada ya kupika makande kwa magadi. Ule weusi ni dalili ya jambo lilelile kwa kiasi kidogo sana. Magadi na maji ya majivu ni ndugu wa mbali wa kostiki, wapole. Hawatakulipukia. Lakini kama unaweza kuwapikia katika chungu, ni vizuri zaidi, na ladha nayo, kwa maoni yetu, ni bora.

Chombo gani basi?

Tumieni ndoo nene ya plastiki, ile ngumu, au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Chungu cha chuma cheusi cha zamani pia huvumilia kostiki. Alumini haifai kabisa, wala ndoo ya bati, kwa kuwa bati limepakwa zinki, na zinki nayo huliwa na kostiki. Kijiko cha kukorogea kiwe mti mrefu, kisiwe mwiko wa alumini. Tumesikia mahali ambapo ndoo ilikuwa sahihi na mwiko ukawa wa alumini, povu likapanda vilevile.

Chupa za maji ya kunywa, zile nyembamba, hazifai kuwekea maji ya kostiki. Kostiki hudhoofisha plastiki ya aina hiyo, tena kwa joto hujikunja. Chupa za kioo nene nazo hupasuka kwa joto la ghafla. Lakini sababu kubwa ya kukataa chupa ni nyingine: watoto. Chupa ya soda au ya maji, kwa mtoto, ni ya kinywaji. Tumewahi kumhudumia mtoto wa miaka mitatu aliyepiga funda moja tu. Siku za kwanza alionekana anaendelea vizuri, wazazi wakafurahi na kuomba ruhusa warudi Mlimba. Wiki ya nne walirudi naye amekonda, hawezi kumeza hata uji, mate yanamtoka. Kovu lilikuwa limeziba njia ya chakula. Mtoto kama huyo hupanuliwa koo tena na tena katika hospitali kubwa, mwaka baada ya mwaka, na familia inauza shamba.

Siku zote tia kostiki katika maji, kidogo kidogo, huku ukikoroga polepole. Usimwage maji juu ya kostiki, maana yatachemka papo hapo na kukurukia. Maji yawe ya baridi. Fanyeni kazi nje, upande unakotoka upepo. Vaeni glavu za mpira, nguo za mikono mirefu, na miwani. Hata miwani ya jua ya mtumba ni bora kuliko macho matupu. Na kabla ya kufungua mfuko wa kostiki, wekeni ndoo mbili zilizojaa maji safi pembeni, pamoja na kikombe. Hizo si za sabuni. Ni za macho.

Shirika la SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, limekuwa likifundisha utengenezaji wa sabuni, na vikundi vingi mikoani vimefaidika. Shida tunayoiona sisi si mafunzo. Shida ni siku ile ambayo kitu kimoja kimekosekana na mtu anaazima kingine. Pia kostiki nyingi inafika bondeni ikiwa imepimwa upya sokoni, katika mifuko laini isiyo na maandishi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2003 ya kusimamia kemikali za viwandani na majumbani, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Mkinunua, dai pakiti yenye lebo. Ikiwa na lebo, tafuta alama ya pembenne yenye mpaka mwekundu. Ndani yake kuna picha mbili: tone linaanguka juu ya mkono na kuutoboa, na tone jingine linaanguka juu ya kipande cha chuma na kukitoboa. Watu huuona mkono wakaelewa. Kile kipande cha chuma hawakitazami, nacho kimechorwa hapo kwa makusudi.

Maji, tena maji mengi

Turudi kwa lile jicho. Kostiki inapoingia jichoni haikai juu. Inayeyusha na kuzama ndani, na inaendelea kuzama mpaka itolewe. Asidi nyingi hugandisha nyama na kujizibia njia. Kostiki hujifungulia njia. Kwa hiyo kila dakika ina thamani, na hakuna dawa ya hospitali inayoweza kurudisha dakika zilizopotea nyumbani.

Mlaze au mwinamishe mgonjwa, mfungue kope kwa vidole hata kama anapiga kelele, ummiminie maji kutoka upande wa pua kwenda nje ili yasiingie jicho la pili. Endelea nusu saa nzima. Nusu saa ni ndefu, mtachoka, pokezaneni. Maji ya kisima yanafaa, maji ya bomba yanafaa, maji ya mtungi yanafaa. Msingoje kuchemsha. Kisha mleteni hospitali, na njiani mmoja aendelee kumimina kutoka kwenye dumu. Wale wa ng'ambo ya mto, Lupiro na Malinyi, wanakumbuka siku za kivuko, kabla ya daraja la Kilombero, ambapo mgonjwa aliweza kukaa ukingoni saa nzima. Siku hizi mnavuka, lakini bado ni mwendo. Dumu la maji lisisahauliwe.

Ikiwa ni ngozi, pangusa kwanza chembe kavu kwa kitambaa, vua nguo zilizolowa, kisha maji mengi vilevile. Msipake mafuta, samli, dawa ya meno, wala maziwa ya mama. Msitie ndimu au siki kwa mawazo kwamba "itavunja" kostiki. Ndimu na kostiki vikikutana hutoa joto, na hilo joto linatokea ndani ya jicho la mtu.

Ikiwa mtu amemeza, msimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda. Msukutueni mdomo kwa maji, ateme, msimlazimishe kunywa chochote, mleteni pamoja na chombo kilichokuwa na dawa. Na kama tulivyosema juu ya yule mtoto, kupungua kwa maumivu si kupona. Rudini tarehe mliyopangiwa.

Upande wa pili: ndimu, ukwaju na ndoo ya bati

Kostiki ni upande mmoja. Upande wa pili ni vitu vichachu, yaani asidi, na huku mbaya mkubwa ni zinki, ile rangi ya fedha iliyopakwa juu ya ndoo na mapipa ya bati ili yasishike kutu. Maji ya kawaida hayaisumbui sana. Lakini ukitia humo juisi ya ukwaju au ya ndimu jioni ya kuamkia sherehe ili ilale na kukolea, asubuhi juisi imekwisha kula zinki ya kutosha kuwaangusha wageni. Watu hutapika, mara nyingine ndani ya nusu saa, tumbo linasokota, mdomoni ladha kama ya kulamba sarafu. Kwa kawaida hupita kwa siku moja au mbili, bila kuua mtu mzima mwenye afya. Lakini ugomvi unaofuata haupoi upesi, kwa sababu watu husema wamerogwa, au mpishi ametia kitu. Kabla ya kumtafuta mchawi, tazameni ndoo. Ikiwa ndani imefifia na kuwa na madoa meupe ya unga, jibu ni hilo.

Vivyo hivyo achari ya mbilimbi au ya maembe isikae katika sufuria ya alumini. Kupika mchuzi wenye nyanya na kuupakua mara moja si tatizo. Kulaza ndilo tatizo. Na kuna jambo jingine juu ya sufuria ambalo tunalisema bila kutaka kuwanyima mafundi wetu riziki. Zile sufuria nzito zinazosubuliwa mitaani hutokana na vyuma chakavu: injini, makopo, mabaki ya redio, chochote kilichopatikana. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, zikiwemo Tanzania na Kenya, walivyovichemshia asidi kama ya siki kwa saa mbili. Baadhi vilitoa risasi kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Risasi haitapishi wala haiumi. Humdumaza mtoto akili taratibu. Kama unayo sufuria ya namna hiyo, itumie kuchemshia maji ya kuogea na kufulia, na mboga zenye ndimu pika katika chungu.

Wasiodhani kwamba asidi inaweza kula madini hata ikiwa ndani ya maji ya kunywa, wasikilize habari ya Camelford, mji mdogo wa Uingereza. Tarehe 6 Julai 1988, dereva alimimina tani 20 za salfeti ya alumini katika tangi lisilo lake, kwenye mtambo wa maji wa Lowermoor. Dawa hiyo ni jamaa ya shabu yetu, na kwa kipimo kidogo hutumika kutulizia tope la maji duniani kote. Kwa kipimo kile maji yaligeuka kuwa asidi, yakaanza kula mabomba ya shaba na risasi ndani ya nyumba za watu. Watu wapatao 20,000 walikuwa wakitumia maji yale; wengine walipata vidonda vya mdomo na upele, na wengine nywele zao zikawa za kijani. Hatusemi msitumie shabu kutuliza maji ya mto. Tumieni, kidogo kama mlivyofundishwa, katika ndoo ya plastiki.

Jik na dawa ya choo

Hapa tutapita upesi, lakini hatuwezi kuruka. Jik ni klorini ndani ya maji. Dawa nyingi za choo, hasa zile za kuondoa madoa ya njano, ni asidi. Vikikutana hutoa gesi ya klorini, ya kijani kibichi cha kufifia, inayounguza mapafu. Binti anayesafisha choo kidogo kisicho na dirisha anatia hiki, haridhiki, anaongeza na kile. Tumewapokea mabinti wa namna hiyo wakikohoa mpaka wanashikilia ukuta. Mtoeni nje kwenye hewa, mleteni hospitali hata kama kikohozi kimetulia, kwa kuwa mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Jik nayo ina ugomvi wake na madini. Miaka mingi sisi wauguzi tulifundishwa kuloweka vifaa vilivyotumika katika klorini ya asilimia 0.5, yaani sehemu moja ya Jik ya asilimia 3.5 kwa sehemu sita za maji, katika ndoo ya plastiki, dakika 10 kwa saa ya ukutani, si zaidi. Muuguzi aliyesahau mkasi humo usiku kucha alikuta asubuhi umeota kutu kwenye bawaba, na sista mkuu alikuwa na maneno yake kwa mtu kama huyo. Nyumbani basi, klorini ya kutibia maji isikae katika debe. Hula debe, na yenyewe hupoteza nguvu, halafu mnakunywa maji mkidhani yametibiwa.

Vidonge vya ghalani

Tunamaliza na jambo ambalo halifanani na sufuria, lakini ndani yake mna alumini ileile. Baada ya mavuno, mpunga na mahindi vikiingia nyumbani, kuna watu wanaonunua vidonge vya kijivu vya kufukizia nafaka. Vidonge hivyo ni alumini iliyounganishwa na fosforasi. Vikikaa vikavu vimefungwa havifanyi kitu. Vikikutana na unyevu, hata ule wa hewa ya usiku tu, hutoa gesi iitwayo fosfini. Gesi hiyo ndiyo inayoua wadudu, na humwua mtu kwa namna ileile. Wengine husikia harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Wengine hawasikii kitu. Haina dawa ya kuipinga. Hospitalini tunaweza kumsaidia mgonjwa kupumua na kuutunza moyo, basi.

Katika bonde letu nyumba nyingi hazina ghala la nje. Magunia hupangwa chumbani, na watoto hulala juu yake au ubavuni, hasa siku ambazo wazazi wako mashambani, kwenye dungu, wakilinda mpunga wa mwisho. Ikiwa familia moja imeamka na kichwa kinauma, wanatapika, kifua kinabana, na jana yake magunia yalitiwa vidonge, tokeni wote nje mara moja na kimbieni hospitali. Mkifika, semeni neno "vidonge vya ghalani" mlangoni, msingoje kuulizwa. Msivimwagie maji vidonge hivyo kwa nia ya kuviharibu. Maji ndiyo yanayoviamsha. Na msivitie kabisa ndani ya nyumba wanamolala watu, hata kama muuzaji amesema dirisha moja linatosha. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya tabaka ndani ya tabaka, huwaua wadudu kwa kuwanyima pumzi, na mtu anaweza kulala karibu nayo.

Wenye betri za sola zinazotiwa maji wakumbuke pia kwamba betri inapochajiwa hutoa ile haidrojeni tuliyoisema mwanzo. Isikae chini ya kitanda, wala isikaguliwe usiku kwa kibatari.

Vikundi vya sabuni ambavyo vingependa tuje kuwaonyesha namna ya kuosha jicho, leteni taarifa kupitia jumuiya zenu au kwa muuguzi wa zamu. Tutakuja na kikombe. Ndoo ya maji tutaikuta kwenu.